Fundi Aliyeuliza Spika Ilikufaje

Nianze kwa kusema wazi: mzee yule nilimchukia, na ukinisikia nikimsifu mahali popote hapa chini, ujue nimeteleza. Tulipakana ukuta wa mabati kwa miaka kumi na minne pale Rongo, nyuma ya soko, mimi na cherehani yangu upande huu, yeye na spika zake mbovu upande ule. Mabati hayazuii kitu. Nilimsikia akikohoa, nilimsikia akinywa chai yangu kwa kelele, nilimsikia akiwatukana wateja. Jina lake halina kazi hapa. Mji mzima ulimwita Fundi, kana kwamba wale wengine wa viatu na pikipiki walikuwa wanacheza tu.

Sababu ya chuki yangu niitoe mapema tusizungushane. Kwa miaka mitatu Fundi aliiweka spika ya baba yangu kwenye rafu ya mlangoni pake, pale ambapo lazima nipite nikienda kufungua duka, akakataa kuigusa. Na kwa sababu ya spika hiyo ndugu yangu Okoth alikuwa hana boma.

Wasiojua mila zetu niwaeleze. Kwetu mwanamume hajiamkii tu akachimba msingi popote. Siku ya kuanzisha boma lake, goyo dala tunavyosema, baba yake humtangulia alfajiri hadi kwenye kiwanja, kijana nyuma yake na jogoo na shoka, mke naye na moto, na baba ndiye anayeonyesha nyumba isimame wapi. Baba akifa kabla, wapo baba wadogo wa kusimama mahali pake, lakini mtu hubaki akijulikana maisha yake yote kwamba hakutembezwa na babake. Okoth ni kitinda mimba wetu. Kibanda chake cha ujana pale nyumbani Karungu kilikuwa kimeanguka, ana mke na watoto wawili, na wote wanne walikuwa wamebanana katika chumba cha kupanga Macalder, ambako alikuwa akichimba dhahabu kwenye mashimo ya watu. Baba amepita miaka themanini. Na Baba alikuwa ameapa kwamba hatatembea alfajiri na mwongo.

Uongo wenyewe ulikuwa upi, nitafika. Kwanza mnijulie mzee huyu.

Kazi alikuwa anaijua, hilo silikani, ingawa ningependa. Spika za siku hizi, vile vikopo vya plastiki vinavyoimba na kuwaka taa za rangi, hakuzikubali hata kuziweka mezani. Yeye alitaka za zamani, za mbao, zenye karatasi nyeusi mbele na sumaku nzito nyuma, ambazo watu walizirithi kwa wazee wao na kuzifanya meza ya kuwekea televisheni. Akiletewa moja, anailaza chali, anaweka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka ile karatasi, anaibonyeza polepole na sikio lake limeinama pale pale. Anasikiliza kama inakwaruza. Kisha anachukua betri ya tochi, anagusisha nyaya mbili, karatasi inaruka kidogo, tup, naye anaandika alama kwa chaki. Akimaliza hapo anajua zaidi ya mwenye spika.

Ndani ya kila spika kuna kitu wanachokiita koili, waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi, unaocheza ndani ya sumaku bila kuigusa. Koili ikiungua, wengine wanatupa spika. Fundi aliizungusha upya kwa mkono, waya mwembamba kuliko uzi wangu wa kushonea, akihesabu mizunguko kwa mdomo. Akihesabu, hasalimiwi. Sasa fikiria, mji wa watu kama sisi, ambao salamu tu inaweza kuchukua robo saa, halafu mtu anakuinulia kidole kimoja bila kukutazama. Ukimkatiza anafungua waya wote na kuanza upya, na matusi yake utayabeba hadi nyumbani. Siku moja mwenye nyumba wake alikuja mbio kumwambia kwamba mlango wa chumba chake umevunjwa. Fundi aliinua kidole. Alihesabu hadi mwisho, akapaka gundi, akaweka koili ikauke, ndipo akasema mwizi ameshakwenda na waya nao ungekwenda.

Akaenda kuangalia mlango akitembea pole pole, na mimi nikabaki nikilinda vitu vyake bila kuombwa.

Lakini lililowaudhi watu zaidi ni swali lake. Hakuna spika iliyoshuka mezani kwake kabla ya mwenyewe kujibu: ilikufaje? Na alitaka jibu la kweli, si la kupitisha muda. Kijana mmoja anayekodisha muziki wa matanga alileta mbili, akasema zilinyamaza tu zenyewe. Fundi alizifunga kwa kamba ile ile zilizokuja nayo, akamrudishia mikononi. "Spika haifi yenyewe," alisema, na hayo ndiyo maneno aliyoyapenda kuliko sala. Siku ya tatu kijana akarudi, akakiri zilianguka kutoka kwenye pikipiki naye alikuwa amelewa. Fundi akazipokea na zikatoka jioni hiyo hiyo. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, anayeuza vitambaa pale barabarani, yeye alipoulizwa alijibu papo hapo kwamba mke wake aliirusha ukutani kwa hasira, tena alikuwa na haki. Fundi alicheka mpaka akakohoa, akamtengenezea kwanza kuliko wote waliomtangulia.

Mchungaji ndiye aliyekoma. Alileta spika za kanisa mara ya nne, zimeungua vile vile, na kila mara alisema ni umeme. Fundi alimwuliza mbele yangu kama Mungu wake ni kiziwi au kiziwi ni yeye. Mchungaji aliondoka. Nilimfuata nikamwomba msamaha kwa niaba ya mtaa. Wiki iliyofuata akarudi mwenyewe, mpole, akaeleza kwamba amplifaya yao ni ndogo na wao huifungua hadi mwisho ili wasikike hadi ng'ambo ya mto, kuwashinda wale wa kanisa lingine. Kumbe amplifaya ndogo ikikazwa hivyo ndiyo inayounguza koili, kuliko hata kubwa. Fundi alitengeneza spika, akamwambia abadilishe amplifaya, na hazikurudi tena. Kwa hiyo swali lilikuwa na maana, sikatai. Sababu ikibaki nyumbani, spika itakufa tena. Ila mtu unaweza kuwa na haki na bado ukawa hufai.

Na huyu mpenda ukweli, jamani, mwenyewe alikuwa mwongo wa kutupwa. Askari wa kaunti wakija kuuliza leseni, anawaambia yeye ni mlinzi, fundi amesafiri. Walimwamini miaka yote, labda kwa sababu ya lile koti lake refu kama la mlinzi wa usiku. Mara mbili aliwaambia wateja wangu kwamba nimekwenda Migori, nami nimekaa ndani nashona, kwa sababu alikuwa anahesabu na hakutaka cherehani ipige kelele. Nilipomfokea alisema hakudanganya, aliahirisha. Nilimwambia basi na mimi naahirisha chai. Nilimnyima chai siku nne. Ya tano akaja na kikombe chake, akasimama mlangoni akitazama dari mpaka nikamimina.

Muziki hakuupenda. Mtu aliyeishi kwa spika, na chumbani kwake hata redio hakuwa nayo. Alipojaribu kazi yake alipiga kipande kimoja tu cha benga, kile kile, na gita likianza kunoga anazima. Ilikuwa inanitesa. Nikimwambia aache wimbo uishe anasema ameshasikia alichotaka. Mara moja nililazwa kwa upasuaji, akanifungulia duka wiki nzima, akapokea vitambaa vya wateja na kuandika vipimo vyote makosa, kiuno mahali pa bega. Sare za shule nzima nilizifumua na kuzishona upya. Hakuomba radhi, nami sikumwambia asante, tukawa sawa.

Kwangu alikuwa akija kwa sababu ya mabaki ya vitambaa, yale ya kufunika spika kwa mbele. Alikuwa mgumu kuridhika kuliko bibi harusi. Anakiweka kitambaa mdomoni anapuliza, ili aone kama hewa inapita. Kikizuia pumzi, anakitupa. Alipuliza vitambaa vyangu vyote, hata vya watu, mpaka nikamwambia wateja wangu wanavaa nguo zenye mate yake. Aliniita nyar Karungu, binti wa Karungu, jinsi wanawake walioolewa wanavyoitwa kwetu kwa mahali walikozaliwa. Yeye hakuwa wa kwetu, Dholuo chake, yaani lugha yetu, kilikuwa cha kuokotea sokoni na tuliongea Kiswahili, lakini jina hilo alilishika akalitamka vibaya kwa miaka yote kumi na minne.

Sasa nifike kwenye spika ya Baba.

Baba ujanani alifanya kazi mgodini Macalder, wakati mgodi ulikuwa mgodi kweli. Ulipofungwa, bosi mmoja alikuwa anafunga virago, akamuuzia spika mbili za mbao, ndefu hadi kiunoni, migongo wazi. Tulikua nazo. Hatukuruhusiwa hata kuziegemea. Jumapili baada ya kanisa Baba aliweka santuri, akakaa katikati ya zile mbili, na nyumba nzima ilinyamaza kama kuna mgonjwa. Aliyeaminiwa kuzipangusa vumbi ni mmoja tu, nami ndiye huyo.

Miaka mitatu na ushee iliyopita binamu yetu aliolewa, nami nikaenda Karungu na cherehani ya mkono kushona nguo za wasimamizi. Nilikaa siku nne sebuleni kwa Baba. Pini zangu zilikuwa zikimwagika sakafuni, na mshonaji yeyote atakwambia dawa ya pini ni sumaku. Nyuma ya spika ya kushoto sumaku ile iko wazi, kubwa kama bakuli. Nikawa nazibandika pale. Zinashika vizuri, ninachomoa moja moja, narudisha. Siku ya nne nikazikusanya, nikapangusa spika vizuri, nikarudi Rongo. Sikuhesabu. Nani anahesabu pini?

Wiki hiyo hiyo jirani akafa, Baba akiwa amelazwa kliniki kwa ajili ya presha. Okoth akazichukua zile spika bila ruhusa, akazipeleka kwa jirani kupigia nyimbo za maombolezo. Ya kushoto ikakwaruza, ikanuka moshi, ikanyamaza. Aliirudisha, akamsubiri Baba, akamwambia yote: nimezichukua, nisamehe, lakini sauti sikuipandisha, ilianza kukwaruza tangu mwanzo. Kuchukua, Baba angesamehe. Ila hiyo ya kwamba ilikwaruza yenyewe, alikataa kabisa. Spika ilikuwa nzima Jumapili iliyotangulia, nani aliigusa tena? Binti yake mwaminifu tu. Akamwambia Okoth amemfanya mjinga ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mpaka aseme ukweli asahau habari za boma. Mimi nilikuwa upande wa Baba. Nilimpigia Okoth simu nikamsomea makosa yake. Nilijitolea kuipeleka spika Rongo, kwa sababu fundi bora wa mkoa mzima alikuwa jirani yangu.

Fundi aliipokea kwa mikono miwili, hakuwa ameona ya aina hiyo kwa muda. Aliniuliza swali lake, nikamjibu kwamba ndugu yangu aliipeleka matangani akafungulia sauti. Aliamini, nadhani, kwa sababu aliifungua. Jioni ya siku ya pili aliniita kwa kugonga mabati. Sikwenda kwa haraka, nilikuwa namalizia kola. Nilipofika alikuwa ameng'oa karatasi, na mezani, juu ya gazeti, kulikuwa na kipande cha koili iliyochanika, na pini mbili za kichwa cha kijani.

"Nyar Karungu," alisema, "hii ilikufaje?"

Nilijua hapo hapo. Pini zile huuzwa kwa kikaratasi, na kikaratasi chenyewe kilikuwa dukani kwangu, mezani kwangu, ukuta ule ule. Sumaku ilizivuta ndani, kwenye ule uwazi mdogo, na koili ilipocheza ikajichana juu yake. Okoth alikuwa amesema kweli kila neno.

Nikamwambia pini ziko kila mahali, mzee.

Sijui ni kwa nini. Nimejiuliza sana. Nafikiri ni kwa sababu nilishamsomea Okoth kwa simu, nikamwita mlevi, na nilikuwa mtoto mwenye ufunguo wa nyumba ya Baba, na dakika moja ile niliona vyote vinaondoka. Ningesema siku iliyofuata ingekuwa aibu ndogo. Wiki iliyofuata kubwa kidogo. Mwezi ukapita, na hapo ilikuwa si pini tena, ilikuwa ni mimi.

Fundi hakubishana. Alizikunja pini ndani ya gazeti, akaweka spika kwenye rafu ya mlangoni, akaifunika kwa kipande cha kitambaa changu mwenyewe, akasema akisikia jibu ataanza kazi. Nilimwambia nitaipeleka kwa mwingine. Akasema niipeleke, ila ikitoka kwake hataigusa tena hadi kaburini, na nilijua kama alivyojua kwamba hakuna mwingine wa kuzungusha waya ule. Nikaiacha. Kwa miaka mitatu nilipita mbele yake kila asubuhi. Chai alikuja akanywa. Vitambaa akapuliza. Hakuwahi kuniuliza tena hata mara moja, na nilitamani aniulize ili nimtukane.

Baba akipiga simu, nilisema fundi anatafuta kifaa kutoka Nairobi. Okoth alipoteza kidole cha mguu shimoni Macalder mwaka wa pili. Nikampelekea unga na mafuta. Mke wake alinishukuru sana. Alisema mimi ndiye pekee wa nyumba ile anayewajali. Nilirudi Rongo siku hiyo nikapita mbele ya rafu, nikamwona mzee anakula ndizi yake kwa utulivu, na nikasema moyoni, Mungu, mchukue huyu mtu. Ndiyo, nilisema hivyo.

Mungu alimchukua nusu. Kiharusi kilimkamata mwaka huu mwanzoni, akiwa kazini, mkono wa kulia ukafa na mdomo ukapinda. Binti yake, mwalimu wa watoto wadogo, akaja kumchukua akampeleka kwake Homa Bay, na spika zote ambazo wenyewe hawakuwa wamezichukua zikapakiwa pamoja naye. Nilisimama mlangoni nikiangalia ya Baba inavyopandishwa lori. Nilihisi nafuu, mtanisamehe. Rafu ikabaki tupu, nikalala vizuri wiki moja.

Kisha Okoth akanijia dukani. Alikuwa amekonda. Baba alikuwa ameanguka bafuni, haamki vizuri, na Okoth alikuwa ameamua. Ataitafuta spika, ataitengenezesha kwa fundi yeyote, ataibeba hadi Karungu, na atamwambia Baba kwamba ni kweli, aliifungulia sauti, alidanganya, anaomba msamaha. Nilimwambia lakini hukufanya hivyo. Maneno yalinitoka kabla sijayafikiria. Akanitazama, akasema dada, hata wewe hukuniamini, sasa leo inasaidia nini, nataka watoto wangu wawe na kwao. Akaniomba nimsindikize kwa sababu mzee ananijua. Ningekataaje? Akakodi pikapu, tukaenda.

Nyumba ya yule binti iko upande wa juu wa mji, unaliona ziwa lakini husikii kelele zake. Fundi alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini. Alikuwa amenywea. Okoth hakukaa hata. Alimwamkia kwa heshima, akasema amefuata spika ya babake, na kabla hajaulizwa akajibu.

"Mzee, ni mimi niliyeiua. Niliipandisha sauti."

Fundi akamtazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, na hakuondoa macho. Nilitazama ziwa. Nilitazama viatu vyangu. Nilihesabu mbao za baraza. Alingoja, na alijua kungoja, na mimi nikanyamaza, ndugu yangu amesimama pale na uongo wangu mdomoni mwake.

"Mpe," akamwambia binti yake.

Binti akaitoa, akaiweka mbele yetu, akafunua kitambaa. Karatasi ilikuwa mpya. Ukingo wake ulikuwa umezungushiwa ngozi laini, kazi safi, na juu yake vumbi la miaka. Binti akasema hii ilikuwa tayari zamani, babake aliimaliza mwezi ule ule ilipofika, alimwona mwenyewe likizo ya shule.

Hapo damu ilinipanda. Miaka mitatu! Miaka mitatu nilipita mbele ya spika nzima nikidhani ni mbovu, nikiamini hakuna njia. Nilimwendea pale kitini, mgonjwa wa watu, nikamnyooshea kidole.

"Ilikuwa nzima wakati wote?"

"Wakati wote," alisema, kwa ule mdomo wa upande.

"Na ulinyamaza."

"Tulinyamaza," alisema.

Okoth akageuka. "Mlinyamaza nini?"

Hasira ndiyo iliyonifikisha pale, si wema, mtu asinisingizie wema. Siri ilikuwa imeshatoka na haikurudi. Nikasema. Nilisema nguo za wasimamizi, nilisema sumaku, nilisema pini za kijani. Nilisema kwamba spika ilikwaruza tangu mwanzo kama alivyosema yeye. Okoth alisikiliza huku ameishika spika kwa mikono miwili. Aliuliza kitu kimoja tu, nimejua tangu lini. Nikamwambia tangu wiki ya kwanza. Akatazama mguuni pake, kwenye kile kiatu chenye nafasi ya kidole kisichokuwepo. Kisha akaibeba hadi kwenye pikapu, akaifunga kamba, akaivuta mara mbili kuona imekaza.

"Panda mbele," alisema. "Utaongea wewe."

Nilipanda mbele. Fundi sikumuaga.

Tulikwenda moja kwa moja hadi Karungu. Baba alikuwa ameketishwa kitandani, ameegemezwa kwa mito. Nilimwambia yote nimesimama, kwa sababu sikuambiwa nikae. Nilipomaliza, aliniomba ufunguo wa nyumba, nikauweka kitandani. Akamwambia Okoth amlete mke wake na watoto kutoka Macalder kesho yake, na keshokutwa alfajiri atatembea, hata kama ni kwa kushikwa. Okoth aliinama akaweka kichwa chake kwenye magoti ya Baba, mwanamume mzima. Walitembea kweli. Ilichukua karibu saa nzima, mahali pa dakika kumi. Mimi niliambiwa kwa simu na binamu, kwa sababu nilisharudishwa Rongo. Baba hajanipigia. Okoth hapokei simu yangu, na simlaumu.

Chumba cha upande wa pili sasa kimekodishwa na msichana anayesuka nywele. Ana kelele nzuri tu. Yule binti wa Homa Bay amenipigia mara tatu. Anasema babake halali, amekuwa akimsumbua amtafute nyar Karungu, anataka kujua tulipofika nyumbani ilikuwaje, baba yangu alisemaje, kijana alitembezwa au hakutembezwa. Anasema ni neno moja tu, ndiyo au hapana, na mzee atatulia. Namba yake ninayo. Mwache aulize.